Muzee wa Ubelgiji Aliyeshindwa Kila Siku

Kuna mzee mmoja Ubelgiji ambaye kazi yake ni kushindwa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na niliamini kwa miaka sita mizima, kama mtu wa Goma anavyoamini kwamba kesho jua litatokea upande wa Rwanda.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mafumbo yote ya sataranji yanayochapishwa duniani, yale ya "Weupe waanze, washinde kwa hatua tatu", yametoka katika michezo iliyochezwa kweli, na katika kila mchezo aliyekaa upande wa weusi ni mzee huyohuyo mmoja. Anaishi katika nyumba ya matofali mekundu. Anapewa mkate, jibini na kuni za kupasha moto chumba, na yeye kwa upande wake anatakiwa kila asubuhi aketi mbele ya ubao apigwe. Mabingwa wanapanga foleni mlangoni. Mmoja anaingia, anampiga, karani anaandika, gazeti linachapisha, anaingia mwingine. Ndiyo maana katika kitabu chetu cha mafumbo weusi hawakuwahi kushinda, hata kwa bahati mbaya.

Aliyenipa habari hii alikuwa jirani yangu wa benchi katika shule ya jioni, dereva wa pikipiki wa barabara ya Rutshuru. Shangazi yake aliwahi kuosha vyombo Ubelgiji, mtaa mmoja na mzee huyo.

"Alimwona na macho yake," akaniambia, "anatoka kutupa takataka. Mabega yameanguka hivi. Mabega ya mutu wa kushindwa yanajulikana, papa."

Hayo mabega ndiyo yaliyonimaliza. Mtu anayetunga uongo hatungi mabega.

Msinicheke haraka. Sikuwa mjinga wa kawaida, nilikuwa mjinga mwenye diploma. Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane, katika madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka kumi, magoti yangu yakigusa masikio. Nilipata asilimia hamsini kamili, bila hata nukta ya ziada, na siku matokeo yalipotoka nilipiga kelele mpaka, nakuambia, moshi wa volkano ulisimama kidogo kusikiliza. Mchana nilikuwa na meza yangu karibu na ofisi ya komini, naandikia watu barua: maombi, malalamiko, maelezo ya ajali za chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na hati za kuthibitisha kuzaliwa kwa watu ambao ilikuwa wazi kabisa kwamba wamezaliwa. Kazi hiyo inakufundisha jambo moja. Kitu kisicho na dosie, yaani faili, hakipo, na kilicho na dosie yenye kashe, muhuri wa wino, juu yake kipo hata kama hakipo.

Basi nikamfungulia Muzee dosie. Ilikuwa folda ya njano. Kila nilipotatua fumbo, niliandika tabia zake. "Anapenda minara yake kuliko ndugu zake." "Akitishwa, anamrudisha farasi nyumbani." "Mfalme wake hatembei." Hili la mwisho nililipima sana. Fumbo baada ya fumbo, mfalme mweusi anafia palepale alipokaa, kama mtu aliyengojea kuhudumiwa ofisini. Nikahitimisha kwamba Muzee anaumwa magoti, kwa maana mtu humchezesha mfalme jinsi anavyotembea mwenyewe. Kutoka kwenye magoti nikahitimisha baridi, na kutoka kwenye baridi nikahitimisha kwamba zile kuni hazitoshi. Nilimhurumia hadi nikaenda parokiani kumwombea nia ya misa. Jumapili iliyofuata padri akasoma, baada ya marehemu wa familia tatu na mwanafunzi mmoja wa mtihani: "Na kwa ajili ya mzee mmoja wa Ubelgiji, anayeshindwa sana." Kanisa zima likaitika. Nililia kwa furaha.

Klabu yetu ya sataranji hukutana Jumapili baada ya misa ya pili, katika darasa moja nyuma ya parokia. Ubao umechorwa kwenye kipande chembamba cha mbao ya triplai. Vipande vyeupe vimekamilika, lakini mfalme mweusi alipotea siku tulipohama darasa, na nafasi yake ikachukuliwa na jiwe la volkano lililookotwa mlangoni. Goma mawe hayo hutafuti, yanakutafuta yenyewe. Jiwe lilikuwa zito, lina makali, na kila aliyelisogeza alipata mkwaruzo kidoleni, jambo ambalo mimi nililiona ni heshima anayostahili Muzee.

Mwanzilishi wa klabu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipoitwa Butembo kwa mambo ya familia, alinikabidhi kitabu cha mafumbo na kazi ya kuamua. Sababu alizitaja mbele ya watu wote: nilikuwa na diploma, na nilikuwa na kashe. Kashe yenyewe ni ile ya mezani kwangu, duara la wino wa zambarau, lakini toka siku hiyo nikaitwa juge, yaani hakimu.

Kazi ya juge si ndogo. Fumbo halijibiwi kwa hatua za weupe peke yake. Lazima uonyeshe pia weusi wanajitetea vipi, tena kwa utetezi ulio bora kuliko wote. Ukimfanya mweusi acheze kama mlevi, hujatatua kitu, umempiga mlevi. Taabu inaanza pale utetezi bora haujulikani ni upi. Hapo wengine hufungua majibu nyuma ya kitabu. Kitabu chetu kilikuwa fotokopi, na mashine ya fotokopi ilimeza kurasa za mwisho, kwa hiyo majibu yaliishia katikati ya fumbo la arobaini, kwenye neno "au". Kuanzia hapo kwenda mbele, Goma nzima ilinitegemea mimi na folda ya njano.

Kisha ikaja barua kutoka Bukavu. Klabu ya huko ilimwalika mchezaji wetu mmoja, chakula na kulala juu yao, na nafasi moja kwenye boti ya kuvuka ziwa, Jumamosi ya wiki ya pili ya mwezi uliofuata. Nafasi moja. Tukapanga shindano la mafumbo matano, na baada ya manne watu wote walikuwa wamebaki nyuma isipokuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja fundi wa cherehani, mzaliwa wa Butembo, mwenye kibanda Majengo. Alijifunza sataranji akingojea umeme urudi, na kwa kuwa umeme wetu unajua kukawia, alikuwa amekuwa hatari. Binti yake aliolewa Bukavu na alikuwa amejifungua miezi minne iliyopita. Mjukuu wa kwanza. Mama alikuwa amemwona kwenye simu tu. "Na kwenye simu," alituambia, "watoto wote wanafanana na mukate. Mi nataka kumubeba." Hakuficha kwamba sataranji ya Bukavu haikumhusu sana. Alitaka ile boti.

Wa pili alikuwa karani wa duane, yaani forodha, familia yake ya upande wa Bukavu, mtu wa kola nyeupe hata siku ya vumbi. Yeye alitaka kwenda kwa sababu hakuwahi kubaki nyumbani wengine wakienda.

Mama alikuwa na pointi nne. Karani, tatu na nusu. Likaja fumbo la tano, lililo nje ya majibu: mfalme mweusi afungwe kwa hatua nne. Hatua ya kwanza ya weupe wote wawili waliipata. Baada ya hapo mweusi ana njia mbili. Anaweza kumkimbiza mfalme kwenye kona, au kumrudisha farasi mbele ya mfalme kama mlango. Mama aliandika kona, akamfunga kwa hatua nne. Karani aliandika farasi, akamfunga kwa hatua nne.

Nilijifungia katika darasa la pili na folda yangu na karanga za kutosha kikosi kizima. Nilisoma dosie yote. Ubao sikuuangalia sana, kwa sababu ubao haukuwa na habari mpya. Swali lilikuwa moja: Muzee angefanya nini? Na dosie ilikuwa wazi kama maji. Mfalme wake hatembei. Farasi anarudi nyumbani. Magoti yale kwenda mpaka kona? Haiwezekani.

Nikatoka na prose-verbal, taarifa rasmi ya uamuzi, ya nakala tatu, kila moja ina kashe, nikasoma kwa sauti ya redio: utetezi sahihi ni farasi, karani pointi moja, mama sifuri, karani anasafiri.

Mama alisimama taratibu. "Papa juge. Juu ya nini mi niko na ziro?"

"Mama, kona ni mbali. Muzee asingeenda."

"Muzee gani?"

"Muzee," nikasema, nikilionyesha jiwe.

"Uamuzi ni uamuzi, mama," karani akasema, tayari amesimama kama mtu aliye kwenye boti. "Juge iko na kashe."

"Kashe inaona ubao?"

Darasa likacheka. Mmoja wa nyuma akapiga kelele: "Mama, fanya rekuru! Usikubali!" Na kwa kweli rufaa ilikuwepo katika kanuni zetu, kwa sababu kanuni nilizichapa mimi: iletwe ndani ya siku tatu, kwa maandishi, nakala tatu, na kwa lugha ya heshima.

Jumatatu asubuhi namwona mama mbele ya meza yangu, na futi yake ya kupimia shingoni.

"Papa, niandikie barua."

"Ya nini, mama?"

"Ya kukushitaki."

Sasa mtu angefanya nini? Nilikuwa mwandishi pekee ambaye mama alimwamini kwa nakala tatu. Nikaweka karatasi. Tukiwa tunaandika aliniuliza tena habari za huyo Muzee, nikamweleza yote: nyumba ya matofali, jibini, foleni, mabega, magoti, nia ya misa. Nilimfungulia hata folda. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa cha mteja kilichokwisha kukatwa vibaya, akikisia kama bado kitatoka hata suruali fupi.

"Sawa," akasema mwisho. "Andika hivi. Naomba juge aletewe fumbo moja, aseme mbele ya watu Muzee angefanya nini. Basi."

"Basi tu? Mama, hiyo ni laini sana." Nikaongeza "uonevu wa wazi kabisa" na "kwa masikitiko makubwa", na aya ya tatu ambamo nilimshambulia juge kwa nguvu hadi mimi mwenyewe nikaona aibu. Mama alisema inatosha. Mimi nikaona bado, nikatia na "wananchi wanashangaa". Kisha nikapiga kashe ya kupokea barua, nikajikabidhi nakala yangu.

Wiki hiyo habari ilienea kuliko bei ya makala, ule mkaa wa kupikia. Jumapili darasa lilijaa, watu wamekaa madirishani, na nasikia, ingawa sikuona, kwamba kuna waliokuja kwa miguu kutoka Kibati, nje ya mji. Karani alikuja na ordre de mission yake, hati ya safari, mfukoni, ile niliyomchapia mimi, tayari ina kashe. Mama alikuja na karatasi ya kaki ya kukatia nguo, imekunjwa mara nne. Ndani yake ubao umechorwa kwa chaki ya fundi.

Akapanga vipande kwenye triplai kimoja kimoja, bila haraka. La mwisho akaweka jiwe, karibu na katikati.

"Mati kwa hatua tatu," akasema. "Hatua ya kwanza ya weupe ndiyo hii." Akasogeza malkia mweupe. "Sasa papa juge, utuambie. Muzee wako hapa alifanya nini?"

Nilisimama. Nilifungua folda. Sijawahi kuongea vizuri vile maishani, na nimewahi kuongea kwenye harusi saba.

"Hapa," nikasema, "ni asubuhi ya mapema. Muzee hakulala. Mnaona farasi wake alivyokaa pembeni? Hiyo ni baridi. Bingwa aliyekuja siku hiyo ni mtu mkali, labda Mrusi, hakumsalimia hata. Muzee anatazama mfalme wake. Anajua kuna nafasi ya kutembea upande huu, lakini" — hapo nikaliinamia jiwe — "lakini hatembei. Anaurudisha mnara. Anaupenda mnara ule. Na kwa hatua ya tatu anafungwa, anavaa koti, anatoka kutupa takataka."

Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kuangalia tu alifuta macho. Nilimwona.

"Juge iko na haki," karani akasema. "Mi pia naona ni mnara."

"Na hii ilikuwa mwaka gani, papa?" mama fundi akauliza.

Nikainama juu ya ubao, nikavitazama vipande kwa jicho la mtaalamu. "Ni ya zamani. Kwa mupango huu, kabla ya uhuru."

"Kabla ya uhuru."

"Kabisa."

Akavuta kiti karibu. Akaurudisha mnara mweusi kama nilivyosema, akacheza: moja, mbili, tatu, jiwe limefungwa. Akarudisha vipande. Safari hii akalichukua jiwe, akalitembeza upande ule nilioukataza kwa sababu ya magoti, akacheza: moja, mbili, tatu, jiwe limefungwa. Karani alisogea, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kola yake ilianza kulegea.

"Zote tatu," akasema polepole.

"Zote tatu," mama akasema. "Na Jumapili ile, kona ilikuwa ngapi?"

"Ine."

"Na farasi?"

"Ine." Karani akanitazama. "Juge. Hakuna utetezi wenye kupita mwenzake pale. Tulikuwa wote sawa. Basi mama iko na tano, na mi niko na ine na nusu."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Mahesabu ni jambo moja. Lakini dosie..."

"Papa," mama akasema, "hii fumbo nilitunga mimi. Siku ya Jumanne. Umeme ulikuwa umekatika, nguo ya komunyo ya mutu ikiwa kwenye mashine, mukono mumoja umeshonwa."

Watu wakaziba midomo kwa mikono kujizuia kucheka. Karani ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu darasa lote likamfuata, na nasema kwa uaminifu kwamba vumbi lilidondoka darini. Alipopata pumzi, akatoa ile ordre de mission mfukoni, akainyoosha, akaiweka kwenye triplai mbele ya jiwe.

"Atanibadilishia jina juu yake huyu huyu juge," akasema. "Mama, unisalimie mujukuu."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa hacheki. Aliikunja ndani ya karatasi yake ya kaki, akaitia kifuani, akabaki ameuweka mkono palepale.

Mimi bado nilikuwa nimesimama na folda. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua, na kwa kuwa mimi ni mtu wa dosie, sikuweza kukiacha bila kukiandika. Nikafungua kalamu.

"Lakini mama," nikamwuliza, "hiyo Jumanne, Muzee ulicheza naye namna gani? Kwa simu?"

Hakunicheka. Alinishika mkono, akanikalisha kwenye dawati la mtoto wa miaka kumi, magoti yangu yakarudi masikioni, naye akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayemwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi:

"Papa, hakuna muzee. Hata Ubelgiji hakuna. Mutu anakaa peke yake na ubao, anapanga weupe, anapanga weusi, anajaribu njia zote za weusi mupaka anaona zinaishia wapi, kisha anaandika. Njia mbili zikiwa sawa, zote ni sahihi, na mwenye kuandika moja anapewa pointi yake. Hakuna mutu anayeshindwa."